Niliwabebesha Wakwe Mila ya Mtandaoni

Nimewahi kumwona mzee mzima, baba wa watu, amebebwa mgongoni na mzee mwenzake katikati ya ukumbi wa harusi. Muziki unapigwa, simu zimeinuliwa juu, watu wanarekodi.

Aliyesababisha ni mimi.

Na maiki nilikuwa nayo mkononi.

Naitwa Nasma. Pale Mbinga mjini ukimuulizia MC Nasma utaelekezwa kwenye duka la baba yangu, Mzee Salumu, muuza vitenge, sufuria na sukari. Babu alikuja na biashara kutoka Kilwa, akaoa huku, akabaki. Mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa. Kimatengo nakisikia kidogo, cha kununulia ndizi. Kinyasa sijui hata salamu.

Kilichonipeleka kwenye u-MC ni mdomo. Baba alisema mdomo huu dukani unafukuza wateja, bora utafutiwe kazi yake.

Ikapatikana.

Sasa, kuna ma-MC wa kupiga kelele tu, naomba makofi, naomba vigelegele, mpaka wageni wanaumwa viganja. Mimi nikajiita MC wa utafiti. Nikipata harusi ya watu wa mahali fulani nasoma mila zao, halafu namwaga ukumbini kama nilinyonya nazo. Wazee wanatazamana. "Huyu binti wa dukani amejuaje haya?"

Nilikuwa najuaje?

Simu.

Basi, mwaka jana nikapata harusi ya Tobias na Edina. Edina ni Mmatengo wa milimani, baba yake, Mzee Mansuetus, ni mkulima wa kahawa. Tobias ni Mnyasa wa Ngumbo, kule chini ziwani. Baba yake, Mzee Zabron, alikuwa fundi wa mitumbwi kabla magoti hayajamkataza. Sherehe ilipangwa Ngumbo, kwa bwana harusi.

Mwenyekiti wa kamati alinifuata dukani. Akakataa soda, nikajua ana jambo.

"Dada Nasma, nikuambie ukweli. Hizi familia bado zinatazamana kwa pembeni. Wa milimani wanaona binti yao anapelekwa kwenye joto na mbu. Wa ziwani wanaona wanadharauliwa. Mahari imejadiliwa mpaka mshenga kaugua."

"Mwenyekiti, hilo niachie mimi."

"Ukifika kule kaa na wazee wa pande zote mbili. Wakuelekeze taratibu zao."

"Nitakaa nao."

Sikukaa nao.

Siku moja kabla ya safari, huku nampimia mteja mchele kwa mkono mmoja, nilifungua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye bando anaweza kuingia akaandika. Nikatafuta habari za watu wa pande zile. Nikateremka mpaka kwenye kichwa kidogo, Harusi. Hapo nikakutana na dhahabu.

Iliandikwa hivi: "Kwa mila za wenyeji wa eneo hili, baba wa bibi harusi humbeba mgongoni baba wa bwana harusi kutoka mlangoni hadi meza kuu, kama ishara ya kukubali kubeba shida za ukoo mpya."

Nikasisimka mwili mzima. Wenyeji wa eneo hili ni akina nani hasa, wa mlimani au wa ziwani? Sikujiuliza. Mimi nilishaanza kusikia vigelegele.

Mteja akaniambia, "Dada, mchele unamwagika."

Tulifika Ngumbo mapema siku ya harusi. Kutoka baridi ya Mbinga ukiteremka mpaka ziwani ni kama umefungua mlango wa tanuri. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa chini ya turubai nje ya ukumbi wa parokia, wanakula ugali kwa samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma. Wa milimani upande huu, wa ziwani upande ule, katikati nafasi ya kupita ng'ombe.

Nikapita hapo katikati. "Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

"Ahsanteni, ngoja nikaangalie spika."

Spika hazikuwa na tatizo lolote. Ila kukaa na wazee kuwauliza mila wakati ninazo mfukoni, niliona ni kujishusha.

Sherehe ikaanza. Maharusi wakaingia, Edina kapendeza mpaka unasahau jina lako. Nikatania kidogo, watu wakacheka, lakini wakacheka kwa mafungu. Utani wa milimani unachekwa na wa milimani, wa ziwani wamenuna. Ukigeuza, hivyo hivyo.

Nikasema moyoni, subirini.

"Mabibi na mabwana," nikaanza, sauti nimeishusha ile ya kitaalamu. "Kuna mila ya kale ya wazee wetu wa pande hizi. Vijana wa leo wameisahau, sisi hatujaisahau. Namwomba baba wa bibi harusi, Mzee Mansuetus. Namwomba baba wa bwana harusi, Mzee Zabron. Wasogee mlangoni."

Wakasogea. Nikaieleza mila neno kwa neno, kama nilivyoisoma.

Watu wakageuza viti kuelekea mlangoni.

Ngoja niwaeleze wazee wenyewe. Mzee Mansuetus ni mwembamba, suti aliyovaa wangeingia wawili kama yeye. Mzee Zabron ni pande la mtu. Shingo yake na kiuno cha mwenzake ni saizi moja.

Mzee Mansuetus akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Mzee akavua koti taratibu, akalikunja, akampa. Akageuka, akainama.

Mzee Zabron naye akawatazama ndugu zake. Akapumua, akapanda.

DJ akaachia ngoma. Simu zikainuka. Mimi kwenye maiki, "Beba mkwe, beba mkwe," kichwa kimevimba kama andazi.

Hatua za kwanza zilikwenda vizuri. Katikati ya ukumbi Mzee Mansuetus akasimama. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikaona uso wake, nikataka kusema basi inatosha, lakini mdomo ule ule unaofukuza wateja safari hii ukagoma kufunguka.

Wakaenda chini wote wawili. Hawakuanguka kwa kishindo. Walishuka polepole, kama gunia linalovuja, mpaka Mzee Mansuetus akalala kifudifudi na Mzee Zabron kamkalia.

DJ hakuona. Muziki ukaendelea.

Mdogo wake Mzee Zabron akaruka kutoka kitini. "Mmemdhalilisha kaka yetu mbele ya watu. Mambo gani haya ya milimani?"

"Ya milimani?" akajibu mjomba wa Edina. "Si mila yenu hii? Sisi tumewaheshimu tu."

"Yetu? Sisi hatujawahi kuiona. Tulijua ni yenu."

"Yetu kutoka wapi?"

Halafu, kama waliopewa amri, wote wakageukia upande wangu.

Mwenyekiti wa kamati akauliza kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko tusi. "Dada MC, mila hii ni ya nani?"

"Ni ya wenyeji wa eneo hili."

"Wenyeji gani?"

"Imeandikwa mtandaoni."

Wale wanaosema aibu haiui hawajawahi kushika maiki Ngumbo. Edina alikuwa analia, kamshika baba yake mkono pale sakafuni. Ndugu zake walishaanza kuulizana gari limeegeshwa wapi. Nikaona kwa macho yangu ndoa ya watu inakwenda kuvunjika kwa sababu ya kusoma mistari miwili huku napima mchele.

Aliyetuokoa ni yule aliyelala chini.

"Mwacheni huyo binti," Mzee Mansuetus akasema, shavu likiwa sakafuni. "Hakunilazimisha. Nilijua siwezi kumbeba huyu mtu, ninayo macho. Lakini nikasema, Edina ataishi hapa. Asije akasikia kila siku kwamba baba yake alikataa kuwaheshimu wenyeji wake."

Mzee Zabron alikuwa bado kakaa sakafuni pembeni yake. Akakuna kichwa.

"Mkwe, na mimi sikutaka kupanda. Nilijua uzito wangu. Nikasema nikikataa mtaona tunajivuna, mtamrudisha binti."

"Ungekataa tu," Mzee Mansuetus akasema. "Ningekushukuru mpaka kufa."

Mzee Zabron akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na yule mwenzake akawa anacheka na kulalamika mgongo kwa pamoja. Ukumbi wote ukafuata. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile pande zote mbili kucheka kitu kimoja.

Mwenyekiti akanifuata, akaichukua maiki mkononi mwangu. "Ahsante, dada. Sasa kapumzike."

Nikaenda kukaa karibu na masufuria. Mwenyekiti akaendesha sherehe mpaka mwisho, bila utafiti wowote, na alifanya vizuri kuliko mimi. Hilo nalo nililisikia vizuri kabisa kutoka pale kwenye masufuria.

Mgongo wa Mzee Mansuetus ulikataa safari ya mlimani. Mganga wa zahanati akasema asipande gari kwenye kona zile mpaka apate nafuu. Ikabidi alale kwa mkwe wake wiki nzima, na aliyemkanda mgongo kwa maji ya moto asubuhi na jioni ni Mzee Zabron mwenyewe.

Yangeishia hapo ningekuwa nimepona.

Kumbe mtu alikuwa amerusha video. Iliishia kabla hawajaanguka. Ikaonyesha tu mzee anambeba mwenzake, mimi na sauti yangu ya kitaalamu, na vigelegele. Blogu moja ya burudani ikaidaka na kuandika: "Mila ya kale ya kubeba mkwe yarudi kwa kishindo." Chini yake: "Kwa mujibu wa MC Nasma, mtaalamu wa mila za Kusini."

Mtaalamu. Mimi, wa Kimatengo cha ndizi.

Nikarudi kwenye ile kamusi nikiwa na hasira. Safari hii nikasoma ukurasa wote. Aya moja tu chini ya ile ya harusi iliandikwa kwamba samaki wa ziwa hilo huongea Kifaransa kila Jumapili.

Nilitulia nikalitafakari hilo. Mtu fulani asiye na kazi aliingia akaandika upuuzi wake ukurasa mzima, tena kwa kuuonyesha wazi kwamba ni upuuzi. Mimi sikufika kwa samaki. Huwa nasoma mpaka pale ninapopata ninachotaka.

Nikafungua akaunti, nikaipa jina Ukweli Mtupu. Nikafuta ile aya ya kubeba wakwe.

Kesho yake imerudi. Samaki hawapo, wametolewa, lakini mkwe yupo, na sasa ana kiungo cha chanzo. Nikakibonyeza. Ni ile blogu. Chanzo ni mimi.

Nikafuta tena. Ikarudi, na ujumbe juu: "Usifute maelezo yenye chanzo."

Nikaandika: "Nafuta kwa sababu mimi ndiye chanzo, na chanzo ni muongo."

Nikajibiwa: "Tafadhali leta chanzo kinachothibitisha kwamba chanzo ni muongo."

Nikafuta tena. Nikafungiwa. Sababu iliyoandikwa ni uharibifu wa makusudi.

Hebu fikiria. Yule wa samaki wa Kifaransa yuko huru mitaani. Aliyefungiwa ni mimi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa dukani nimejikausha nyuma ya kaunta, akaingia Mwalimu Isidori. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha nusu ya watu wa mji huu, jirani yetu wa siku zote. Alikuja kununua sukari.

"Mwalimu unaonekana umechoka," baba akamwambia.

"Ah, Mzee Salumu. Kuna mharibifu ananisumbua."

"Wa kahawa?"

"Wa mtandaoni. Tangu nistaafu naangalia kurasa za huku kwetu kwenye kamusi elezo, watu wasiandike ovyo. Sasa kuna mmoja kila nikiamka amefuta habari ya harusi. Eti anajiita Ukweli Mtupu. Wenye majina kama hayo ndio waongo wakubwa."

Baba akacheka. Mimi nilikuwa naangalia mizani.

Ningeweza kula buyu, nisiseme neno. Mwalimu angechukua sukari yake akaenda zake. Lakini nilishachoka kujificha na kosa langu.

"Mwalimu, shikamoo. Ukweli Mtupu ni mimi."

Akaniangalia. Baba naye akaniangalia.

Nikamweleza yote, ukumbi, mgongo, masufuria. Akasikiliza mpaka mwisho, kama anasikiliza mwanafunzi aliyechelewa shule.

"Kwa hiyo mimi niliiacha kwa sababu blogu imesema," akasema. "Blogu imesema kwa sababu wewe ulisema. Na wewe ulisema kwa sababu gani?"

"Kwa sababu niliisoma kwako, mwalimu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Basi wewe umenishika mimi, mimi nimekushika wewe, na kila mmoja anadhani ameshika nguzo."

"Si uitoe basi. Unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini, Nasma. Lakini wanaosoma hawatuoni hapa dukani. Nilichopaswa kufanya ni kumuuliza mtu wa Ngumbo. Nina shemeji Ngumbo. Sikumuuliza." Akachukua sukari yake. "Naitoa leo. Na nikufungulie, ila ubadilishe hilo jina."

Ikatolewa. Nikalala usingizi wa mtoto. Blogu niliwaandikia warekebishe, wakanijibu kwamba habari ile imesomwa sana.

Nilidhani yameisha.

Mwaka huu nikaitwa Mbaha, ziwani tena. Mama mzazi wa bwana harusi, Mama Gertruda, ndiye aliyenipigia simu. Safari hii nilifika siku mbili kabla. Nikakaa na wazee, nikala mbasa, nikauliza kila kitu mpaka wakachoka na mimi.

Mwishoni Mama Gertruda akasema, "Na ile ya kubeba mkwe usiisahau."

"Mama, ile haipo. Ile ni uongo. Nilikosea, naomba nikueleze."

"Mwanangu, unataka kunieleza nini? Mimi harusi ya Ngumbo nilikuwepo. Nilikaa meza ya tatu."

"Ulikuwepo?"

"Na nilikuona kule kwenye masufuria."

Nikaficha uso kwa viganja.

"Unadhani kuna mtu wa huku anaamini ni mila ya wazee?" akaendelea. "Tunajua ulitudanganya. Lakini wewe ulishaondoka, hukuona ya baadaye. Wale wazee wawili siku hizi hawaachani. Kahawa ikivunwa, Zabron yuko mlimani anakaa kivulini anawasumbua wachumaji. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, ukiwa mwingi, Mansuetus yuko ziwani. Edina alipojifungua, wote wawili walikuwa nje ya wodi wanagombania nani ampe mtoto jina. Nimeozesha watoto watano, mwanangu. Na wakwe zangu nasalimiana nao kwenye misiba tu."

Akanisogezea sahani ya mbasa.

"Huyu ni wa mwisho. Nataka baba yake na baba wa binti waanze kwa kucheka."

"Mama, wataumia."

"Ndiyo maana tumeweka vijana wa kushikilia huku na huku. Na ni hatua chache tu."

Siku ya harusi nikashika maiki. Nikasema hivi: "Ndugu zangu, hii siyo mila ya kale. Ina mwaka mmoja. Ilianza kwa ujinga wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi." Watu wakapiga makofi kuliko siku zote nilizojifanya mtaalamu. Wazee wakabebana, wakayumba, wakacheka, wakafika meza kuu salama.

Niliporudi Mbinga nikamsimulia Mwalimu Isidori. Akasimama pale kaunta, kashikilia mfuko wake wa sukari.

"Sasa nifanyeje?" akasema. "Ilipokuwa uongo niliiacha. Nimeitoa, imekuwa kweli."

"Irudishe, mwalimu. Andika ilianza mwaka jana, kwa makosa."

"Kwa chanzo gani?"

Ndiyo sababu nimekaa leo kuandika haya yote. Nimemwonyesha kabla sijaposti. Ameyasoma mpaka mwisho, akacheka mahali pa masufuria, halafu akaniambia kwa masikitiko kwamba simulizi za mitandaoni kamusi haizipokei.

Naposti hivyo hivyo.

Ninachowaachia ni kidogo. Mtandaoni soma, siyo dhambi, lakini soma mpaka kwa samaki. Na kabla hujamwambia mtu ainame, nenda kakae naye, ule chakula chake, umuulize. Wazee wa Ngumbo walinikaribisha ugali na majibu yote pale pale chini ya turubai.

Mimi nikaenda kuangalia spika.